Anauza Kinywaji Kilichomtoa Mumewe Jicho

Saa moja asubuhi, mwanamke huyu amechutama mbele ya ndoo tatu nyeupe kwenye kona ya jiko lake. Anafunua kitambaa cha ndoo ya kwanza na kuinamisha pua. Maganda ya mananasi yanaelea kwenye maji ya rangi ya chai, yamezungukwa na povu jepesi. Anachota kijiko, anaonja, anakunja uso.

“Utamu bado umezidi,” anasema. “Hii mpaka kesho. Nikiiwahi ni juisi, nikiisahau ni siki.”

Mtaani wanamwita Mama Povu, na jina hilo ameshalizoea kuliko alilopewa na wazazi wake. Kila wiki humenya mananasi kama arobaini. Nyama huikata vipande akaiuza kwenye vifuko. Maganda na mioyo migumu ya katikati, ambayo wengine hutupa, huyaloweka kwenye maji yenye sukari guru, tangawizi na mdalasini. Siku ya tatu huchuja, akajaza chupa na kuziacha nusu siku zishike gesi kabla ya kuziingiza kwenye friji.

Kinywaji hicho huuma ulimi na kupoza koo. Siku za joto, chupa sitini humalizika kabla ya adhuhuri. Ndicho kinacholipa pango, unga na dawa za macho.

Dawa ni za mumewe. Amekaa sebuleni kando ya cherehani iliyofunikwa shuka, miguu ameinyoosha, mikono haina kazi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa nguo za harusi.

Kinywaji hiki kilianza kwa ajili yake. Akirudi kutoka kibandani kwake, shingo imekakamaa kwa kuinamia kitambaa, mkewe alimwekea bilauri moja ya baridi.

“Yeye ndiye aliyeniambia niuze,” anasema Mama Povu. “Alisema, ‘Mke wangu, watu wanalipa kunywa maji ya rangi, wewe unaificha hii?’ Hata vitambaa hivi vya kufunikia ndoo alivishona yeye.”

Miaka miwili iliyopita, kipindi cha joto kali, Mama Povu alipata habari kwamba mama yake mzazi yu mahututi. Akaondoka kwenda kumuuguza, akaacha chupa kumi na mbili za kioo ndani ya kabati la jikoni, zimefungwa vizuri. Zilihitaji kufunguliwa vifuniko mara mbili kwa siku ili gesi itoke.

“Nilimwambia azifungue asubuhi na jioni,” anasema. “Nilisimama pale mlangoni, mkoba begani. Nilimwambia.”

Sebuleni, Fundi amesikia.

“Uliniambia niziangalie,” anasema kwa sauti ya chini. Kisha anamgeukia mwandishi. “Nikaziangalia.”

Siku ya pili aliinama kufungua kabati, na chupa moja ikapasuka mbele ya uso wake. Kipande cha kioo kiliingia jicho la kulia. Madaktari hawakuliokoa. Jicho la kushoto lilikuwa dhaifu tangu utotoni.

Alijaribu kurudi kazini. Gauni la kwanza alilolishona lilienda upande, na mama wa bibi harusi akalivua mwilini mwa binti yake mbele ya wateja wengine. Fundi aliomba radhi, akazima taa, akafunga kibanda. Hajakifungua tena.

Ndugu nao hawakukaa kimya. “Wifi yangu alisema mbele za watu kwamba nilimtoa kaka yake jicho ili niwe kichwa cha nyumba,” anasema Mama Povu.

Kwa miezi mitatu hakugusa nanasi. Unga ulipokwisha, akanunua mananasi manne na kuanza kumenya. Mumewe aliposikia kisu, alivaa viatu akatoka, akarudi jioni.

“Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza.”

Sasa anatumia chupa za plastiki tu, na kila mara huzibonyeza kwa kidole gumba. Iliyokuwa ngumu kama jiwe huilegeza kifuniko papo hapo. Fundi hajaonja kinywaji hicho tangu siku ile.

“Nakula kwa kitu kilichonitoboa jicho,” anasema. “Nitafanyaje? Nikatae chakula?”

Anapomsindikiza mwandishi hadi getini, Mama Povu anateremsha sauti.

“Sina hakika nilisemaje siku ile. Nilikuwa na haraka, akili yote iko kwa mama. Nimeyarudia maneno yale kichwani mpaka siyajui tena. Lakini nikikubali kwamba nilisema ‘angalia’, nitaishije naye?”

Mpango wake ni kukodi chumba karibu na soko. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu. Mama Povu amekwisha kuweka akiba ya miwili. Majirani wanadhani biashara inapanuka.

“Nataka tu ndoo hizi zitoke humu ndani,” anasema. “Juzi tulikuwa mezani, chupa moja jikoni ikalia kidogo, tiii. Akaangusha kijiko akafunika uso kwa mikono miwili. Halafu akaokota kijiko, akaendelea kula. Nami nikajifanya sikuona.”