Mdomo wa Mama Justina

Nilichosikia kwanza ni karatasi. Ile karatasi nyeupe wanayoitandika juu ya kitanda cha kupimia wagonjwa, ambayo ukiikalia inalia chakara chakara kama majani makavu. Nilikuwa nimetoka dakika tano tu, kwenda kumbadilisha nepi mwanangu mdogo, na nikiwa bado kwenye ushoroba nikaisikia ikilia mfululizo, bila kupumzika. Nikajiuliza, nani anacheza mle ndani?

Nikafungua mlango. Hakuna aliyekuwa akicheza. Mama yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki chini, uso unatabasamu, na mapaja yanatetemeka juu ya ile karatasi. Mbele yake amesimama binti yangu Ilham, miaka tisa, na sweta lake la shule, mkono mmoja ameuweka kiunoni kwake mwenyewe.

"Bibi," alikuwa anasema, kwa Kiswahili chake cha jikoni, "hapa panakufa. Wewe utafungwa na mashine."

"Ahsante, mjukuu wangu," mama akamjibu. "Umesema vizuri."

Daktari akanigeukia kwa furaha. Mkalimani hajatokea tena, akasema, lakini binti yako ametuokoa. Ana akili sana. Maneno anayoyajua, kwa umri wake, ni ya ajabu!

Hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Hiyo ilikuwa miadi ya tatu. Mara zote tatu nilipiga simu wiki nzima kabla kuomba mkalimani wa Kiswahili, na mara zote tatu mtu wa mapokezi akanitazama na kuniambia, si wewe unajua Kiingereza? Najua. Nimesoma hapa London mpaka nikamaliza sekondari, nagombana kwa Kiingereza, nimezaa watoto wawili kwa Kiingereza. Lakini mle chumbani nilitaka kuwa mtoto wa mama yangu, nimshike mkono, nisiwe mdomo wa daktari. Nina sababu zangu, na sababu yenyewe inaitwa Justina.

Niliyomwambia daktari sitayaandika. Mtoto mchanga aliamka akalia, muuguzi akaja mbio, nikaambiwa nishushe sauti. Sikuishusha.

Sasa niwaeleze huyo Justina.

Tulikuwa tunaishi Thamesmead, pembezoni mwa London, ghorofa ya tatu, kwenye yale majengo ya zege ambayo mvua ikinyesha yanageuka rangi kama nguo iliyolowa. Mimi nilikuwa nimefika kutoka Unguja nikiwa na miaka saba. Nilipokuwa na kumi, nyumba ya pili ikaingia familia kutoka Poland: baba aliyekuwa akienda kujenga mbali na kurudi mwisho wa wiki, mama, na binti yao wa miaka kumi na miwili. Mama yangu hakuhangaika na jina la yule mwanamke. Akamwita Mama Justina, kama angemwita jirani yeyote kwetu, na yule mwanamke akalipenda jina, akawa anaitika. Hawakuwa na lugha ya kuongea. Walikuwa wakipelekeana sahani. Yetu inakwenda na sambusa, inarudi na viazi vilivyofungwa ndani ya unga. Jikoni kwao kulikuwa na harufu ya kabichi iliyochachuliwa na sabuni ya kufulia, na mpaka leo nikiisikia harufu ya kabichi inayochacha, nageuka kumtafuta Justina.

Juu ya meza ya jikoni hiyo ndiko Justina alikokuwa anakata maboksi ya konfleksi kuwa kadi. Upande mmoja anaandika neno la Kiingereza, upande wa pili la kwao. Si maneno ya kuombea maji. Maneno makubwa, ambayo hata mwalimu wetu alikuwa akiyatamka taratibu.

Cha ajabu ni kwamba hayo makubwa kwake yalikuwa mepesi. Aliniambia mengi ni ndugu na maneno ya kwao: wao wanasema diagnoza, wanasema infekcja, wanasema operacja, na Kiingereza ni kugeuza mkia tu. Yaliyompiga chenga ni yale madogo madogo anayoyajua mtoto wa chekechea. Shuleni walimcheka. Akifungua mdomo unasikia neno la profesa limezungukwa na makosa ya mtoto mchanga. Na wapo ndugu wa uongo, akasema, wanaofanana sura lakini si damu moja. Neno la Kiingereza la kitu cha kawaida, kwao linafanana na tusi. Hao aliwaandika kwa penseli nyekundu, kama watu wa kuchunga.

"Kwani yote haya ya nini?" nilimuuliza siku moja.

"Mtu akiongea kama mtoto," akanijibu, "daktari anampa dawa ya mtoto."

Maana mama yake alikuwa anaumwa. Alikuwa akisafisha maofisi alfajiri, na mwaka ule akaanza kupungua, shingo ikawa nyembamba, pete ikawa inacheza kidoleni. Justina alikuwa na imani moja, na alikuwa ameishika kama watu wanavyoshika dini: siku atakapoyajua maneno yote, madaktari watamheshimu mama yake, na wakimheshimu watamponya.

Tukatengeneza mchezo. Mimi ninashika kadi chini ya ngazi za jengo letu, ngazi zenye harufu ya mkojo na rangi mpya. Akipatia, anapanda kidato kimoja. Akikosa, anashuka viwili. Alikuwa anafika ghorofa ya tatu bila kutoa jasho. Mimi ikifika zamu yangu sikuwahi kupita ghorofa ya kwanza, lakini na mimi nilijifunza. Nilikuwa na miaka kumi na nilijua neno la uvimbe mbaya, neno la ugonjwa wa kurithi, neno la matibabu ya kupunguza maumivu tu yasiyoponya. Nilimuuliza mama uvimbe ule kwa Kiswahili unaitwaje. Akasema, "Maradhi hayo hayatajwi. Nenda kanawe mikono ule."

Mimi pia nilikuwa mdomo wa mama yangu, kwa mambo madogo: barua za shule, barua za kaunsili, halmashauri yenye nyumba zetu. Lakini nilivyolelewa, mtoto hamtupii mkubwa neno zito usoni. Unalizungusha, unalipoza, unampa likiwa limepoa. Barua ilisema ukuta wetu wenye ukungu hautashughulikiwa mwaka huo. Nikamwambia mama wanakuja, inshallah.

Justina alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza nimesema nini, nikamweleza kwa Kiingereza, akaichukua barua akaisoma. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Iko wapi inshallah humu? Nionyeshe. Wewe unamdanganya mama yako!"

"Si uongo. Ni adabu."

"Ni uongo wenye kitambaa kichwani," akasema, na mimi nikamrushia kiatu.

Basi, likizo fupi ya shule ikafika, na Mama Justina akawa na miadi hospitali. Akamwomba mama, kwa ishara na kwa mdomo wa Justina, niende nao ili mtoto wake asiwe peke yake. Tutanunuliwa chipsi tukitoka. Kwangu mimi hiyo ilikuwa safari.

Mara zilizotangulia, Justina alinieleza, kulikuwa na simu mezani yenye sauti ya mwanamume wa Kipolandi anayetafsiri kutoka sehemu isiyojulikana. Siku ile daktari alipiga, akaambiwa asubiri, muziki ukawa unaimba kwenye spika. Alikuwa mtu wa makamo, sauti ya upole, shati lake limepigwa pasi. Tulisubiri. Akaangalia saa. Justina akasema, "Mimi naweza. Maneno najua." Daktari akamuuliza neno moja, akapatia. Akamuuliza la pili, akapatia na kuongeza maana yake. Yule mtu mzima akatabasamu, akaikata simu.

Nakumbuka jinsi muziki ule ulivyokatika.

Daktari akaanza kusema, sentensi baada ya sentensi, na Justina anageuka kwa mama yake anasema, anageuka kwa daktari anasikiliza, anageuka tena. Mgongo wima, mikono nyuma, sauti ile ile aliyokuwa akiitumia ngazini. Hakuzungusha kitu. Hakupoza kitu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Kila neno kubwa lilipopita nililitambua, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua, na kichwani nilikuwa namwona rafiki yangu anapanda. Uvimbe, kidato. Umesambaa, kidato. Hautibiki, kidato.

Mama Justina akauliza swali moja, fupi. Justina, kwa mara ya kwanza, hakugeuka kwa daktari.

"Anasema nini mama?" daktari akauliza.

"Anauliza muda gani."

Daktari akamwambia. Na Justina akamwambia mama yake. Yule mama hakulia. Alinyoosha mkono akamfunga Justina kifungo cha juu cha koti, ingawa mle ndani kulikuwa na joto, kisha akakifungua, kisha akakifunga tena.

Tulipokuwa tunatoka, daktari akampa Justina mkono kama anavyompa mtu mzima. Akamwambia ana hazina ya maneno isiyo ya kawaida, na kwamba atafika mbali.

Kwenye basi tulikula chipsi. Mama Justina alikaa kiti cha mbele peke yake, anatazama dirishani. "Umeona?" Justina akaninong'oneza, midomo ina chumvi. "Hata kadi moja haikunishinda." Nami nilimwonea wivu, wallahi. Nilitaka daktari anipe mkono na mimi.

Nyumbani nikamsimulia mama. Akaweka kiganja mdomoni. "Mtoto ndiye kamwambia mamake hayo?" Akapika, akapeleka sahani, akarudi macho mekundu. Wiki iliyofuata kaunsili wakaleta barua nyingine, akanipa mimi niisome, kama kawaida.

Siku zilipopita nilichukua kadi nikamfuata Justina ngazini. Hakutaka kucheza. Alikaa kidato cha chini kabisa akinyofoa rangi ya reli kwa kucha. Nikamwambia, twende mama yako akusikilize basi, atafurahi. Akanitazama kama mimi ni mtoto wa miaka mitatu.

"Kila nikifungua mdomo mama anashtuka," akasema. "Jana nilimwambia chai tayari. Akashika meza."

Mama Justina alikufa kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Dada yake akaja kutoka Poland kumchukua msichana. Baba mtu alikuwa amekaa jikoni. Justina alinieleza mlangoni, begi liko miguuni, kwamba huyo dada wa mama yake amegonga meza akauliza ni nani aliyemwambia marehemu, nani aliyemvunja moyo namna ile. "Nikasema mimi." Kisha akaenda kutupa kadi zote kwenye bomba la taka. Tukazisikia zikishuka ghorofa zote tatu. Hatukukumbatiana. Sijui alipo leo.

Kwa miaka mingi niliamini Justina alikosea na mimi nilipatia. Kwamba angeizungusha ile habari kama nilivyofundishwa, mama yake angeishi akimtazama mwanawe bila hofu. Ilibidi nizae ndipo nione ujinga wangu. Kati yetu wawili hakuna aliyekosea, kwa sababu hakuna aliyepaswa kuwa mle chumbani. Alikuwepo mtu mzima mwenye simu mezani, na akaikata kwa sababu mtoto alikuwa mwepesi kuliko muziki wa kusubiri. Zile sifa alizompa hazikumgharimu hata senti.

Na mimi je? Miezi miwili iliyopita nilikuwa kwenye harusi Ilford nikijigamba kwa wanawake wenzangu kwamba Ilham anasoma barua zote za bibi yake, hapati shida. Wakampigia vigelegele. Nikawaachia wapige. Hasira yangu ya siku ile hospitali, nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Kutoka hospitali siku ile tulirudi kwa basi. Vituo vitano baadaye Ilham akaniuliza kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha anayonijibu siku zote, kama alisema sawasawa. Nikamwambia ile haikuwa kazi yake. Akauliza tena: lakini nilisema sawa?

Tangu siku hiyo hajamwambia bibi yake neno la Kiswahili. Bibi akimwita, anatikisa kichwa. Bibi akiimba ule wimbo wao wa kusuka nywele, anatazama sakafu. Nimeiona sura hiyo ngazini Thamesmead, na sikubali kuiona nyumbani kwangu.

Mama hakutaka niandike malalamiko. "Usiwaudhi, mwanangu. Dawa wanayo wao. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Tumeubusu miaka ishirini, mama. Hebu niache."

Akaniacha. Nikajaza fomu ya malalamiko ya hospitali, mchana kweupe, mtoto mgongoni. Wameniuliza jina la mgonjwa, nikaandika. Wameniuliza uhusiano wangu naye, nikaandika: binti yake, si mkalimani wake. Wameniuliza nini kilitokea. Nikaandika kwamba daktari wao alimtumia mtoto wa miaka tisa kumweleza bibi yake kuwa figo zimeshindwa, na mtoto huyo hajui hata figo inaitwaje kwa Kiswahili. Nikaandika siku tatu nilizopiga simu na nilivyojibiwa kila siku. Sikutukana, ingawa nafasi ilikuwepo.

Kisanduku cha mwisho kinauliza, unataka tufanye nini. Nimeandika hivi, na nimeituma:

"Leteni mkalimani, mtu mzima aliyesomea kazi hiyo. Mwiteni mama yangu upya, siku ambayo mjukuu wake yuko shule. Halafu mwambieni anaumwa nini, tangu mwanzo, kama mtu ambaye hajaambiwa chochote, kwa sababu hajaambiwa."