Kidole cha Tabutany

Tabutany alikuwa baba wa Chemutai. Usicheke. Najua alikuwa bibi wa miaka sabini na mbili, mwenye magoti yanayolia kila akipanda kutoka mtoni, lakini baba alikuwa yeye, na kule juu ya Kimulot hakuna mtu aliyeona ajabu.

Mambo yalikuwa hivi. Aliolewa akiwa msichana, akakaa na mumewe miaka ishirini bila kupata mtoto, mume akafa. Wakipsigis wana njia yao kwa mwanamke wa namna hiyo, ili nyumba yake isife naye. Alitoa ng'ombe sita na mbuzi kadhaa akamwoa Janefer, wazee wameketi, nyama imeliwa, na watoto ambao Janefer angezaa wakawa wa Tabutany. Yule mwanamume wa pembeni hahesabiwi, haulizwi wala hatajwi. Mchungaji alinuna, akamtoa Tabutany kwenye benchi la mbele kanisani. Sawa tu! Bibi alikaa benchi la nyuma, mtoto mapajani, akaimba kuliko kwaya nzima.

Mtoto alikuwa mmoja tu, huyo Chemutai. Nyumbani alimwita Tabutany Kogo, yaani bibi, kwa sababu ya zile mvi, lakini akionewa shuleni alisema, "Nitamwambia baba yangu," na kesho yake Tabutany alifika getini na fimbo. Yeye naye alikuwa na jina lake kwa mtoto: Chemutai wa nyumba yangu. Aliitwa hivyo akitumwa maji, aliitwa hivyo akigombezwa. Bibi alipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia miaka yote hiyo, mvua au baridi, na alipoulizwa anajichosha nini na uzee ule, alijibu, "Mimi nina mtoto."

Basi Chemutai akapita mtihani, akaitwa chuo kikuu kusomea uuguzi. Chai ya ekari moja haiwezi kumlipia mtu chuo, hilo halihitaji kuelezwa, kwa hiyo akaenda kuomba msaada wa serikali kwenye saiba ya Omollo. Huyu Omollo ni mtu wa Nyanza aliyeletwa huku na kazi ya kiwanda cha chai, akaichoka, akafungua kibanda cha kompyuta pale sokoni. Fomu ilipofika penye jina la baba, msichana aliandika Tabutany, na namba ya kitambulisho chake, kisha akamwambia Omollo aangalie kama herufi zote ziko sawa. Aliandika kwa fahari, maskini. Hakuwahi kuwa na baba mwingine wa kuandika.

Wiki tatu zikapita kimya. Ujumbe ulipoingia kwenye simu ulisema ombi limesimamishwa, habari za baba hazilingani, zirekebishwe kabla ya Ijumaa au ombi lifutwe. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Dada, hapa kwa baba umeweka mwanamke," Omollo alimwambia baada ya kuchungulia. "Kitambulisho kinasema ni mwanamke. Mashine imegoma."

"Ndiye baba yangu."

Omollo alimtazama vizuri, na namshukuru kwamba hakucheka. "Mimi nakuamini," alisema. "Lakini hii kitu haiwezi kuniuliza mimi."

Alhamisi asubuhi wakaenda wote watatu, bibi, Janefer na msichana, mpaka kwa naibu chifu, Kipkurui. Tabutany alivaa lile koti la kanisani. Njiani hakuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu Kipkurui ni Mkipsigis na wala si mashine, atapiga muhuri, mambo yataisha.

"Kogo, mimi naijua hiyo ndoa," Kipkurui alisema. "Nilikuwa kijana, nikala nyama yake. Kama ni mimi wa kuamua, ungekuwa umeshafika nyumbani."

"Basi andika hivyo."

"Nikiandika hivyo watairudisha. Wanataka baba mwanamume, akiwa hai alete kitambulisho, akiwa amekufa mlete cheti."

"Mume wangu alikufa. Cheti kipo."

"Alikufa miaka kumi na miwili kabla huyu hajazaliwa. Hata mtoto wa darasa la pili atajua kuhesabu hiyo." Akajikuna shingo, akavuta karatasi. "Kuna njia moja. Mama anaapa kwamba mtoto huyu baba yake hajulikani. Mkubwa wa boma anashuhudia. Hiyo inapita, nimeshaona ikipita."

Kisha, kama mtu anayejaza fomu tu, akauliza, "Mkubwa wa boma yenu ni nani?"

Janefer aliangalia chini. Chemutai aliangalia ukuta.

"Ni mimi," Tabutany akasema.

Aliomba asomewe maneno yenyewe, akasomewa. Akaomba tena, polepole. Mtoto huyu hana baba anayejulikana, na sisi tunaotia sahihi hapa chini tunathibitisha kuwa ni kweli. Akamgeukia msichana.

"Usipoenda mwaka huu?"

"Nafasi inapotea, Kogo."

"Lete wino," bibi akasema.

Hebu nieleze kitu hapa, maana wengine mnatia sahihi kila siku mpaka mmesahau ni nini. Tabutany hakujua kusoma. Kidole chake gumba alikuwa amekitoa mara mbili tu maishani, mara ya kitambulisho na mara ya namba yake ya kuuzia majani ya chai. Kwake yeye ukiweka kidole umesema, na ukishasema umesema. Chemutai alimshika mkono pale pale juu ya meza, akilia. "Kogo, ni karatasi tu! Haibadilishi kitu." Bibi aliutoa mkono wake taratibu, akabonyeza wino, akabonyeza karatasi.

Ijumaa saa nne Omollo aliituma, wala hakutaka malipo. Mwezi ukaisha, jibu likaja: amekubaliwa, karo karibu yote. Janefer alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Tabutany alicheka pamoja nao, akapiga makofi, kisha akaenda zizini na kukaa huko muda mrefu, na ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa. Wino ulikuwa umetoka siku nyingi, alikuwa ameusugua kwa majivu na jiwe la mtoni hadi ngozi ikachubuka. Bado alikuwa akikiangalia hicho kidole.

Asubuhi ya safari sanduku liliwekwa mlangoni. Katika nyumba ile mtoto akienda mbali hupiga magoti, na baba hutia kinywani funda la mursik, yale maziwa ya kugandishwa, kutoka kwenye kibuyu, akampulizia kifuani na kumtamkia baraka. Chemutai alipoenda sekondari alifanyiwa hivyo na Tabutany, akapanda gari kwenda shule na sweta inanuka maziwa, akakataa kuifua muhula mzima.

Akapiga magoti. Tabutany alikuja na kibuyu, akasimama mbele yake, kisha akamnyoshea Janefer.

"Mbariki wewe."

"Mama, mimi siwezi," Janefer akasema. "Hii ni kazi ya baba."

"Baba hajulikani. Nimeshuhudia."

"Kogo, tafadhali." Chemutai alikuwa amemshika miguu, ule uso mzima umelowa. "Ilikuwa ya mashine. Ilikuwa ya kuwadanganya wale watu. Wewe ndiye baba yangu, nani asiyejua?"

Bibi mwenyewe alikuwa akilia sasa, bila sauti. Hakuwa amekasirika. Laiti angekuwa amekasirika, hasira ingepita. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kwamba akitamka baraka ya baba kwa mdomo ambao kidole chake kimeukana, baraka itageuka njiani na kumfuata mtoto kama kitu kingine. Hilo hangelifanya, heri moyo wake upasuke.

Janefer alibariki, vibaya, maziwa mengi yakimwagika. Chemutai aliinuka, akachukua sanduku, akafika getini akageuka kusubiri neno.

Tabutany aliinua mkono.

"Nenda salama," alisema, "Chemutai wa Janefer."