Nukta Mbili Chini ya Gari

Saa mbili kasoro asubuhi, kabla hajavaa ovaroli, fundi anachomeka kitambaa cheupe kwenye bomba la moshi la gari la dizeli, anakizungusha mara moja, anakitoa. Kimekuwa cheusi tii.

"Mgonjwa ameshajieleza," ananiambia, nami naandika.

Wateja wanamwita Mama Masizi, na jina ni halali yake: kucha zake hazijatakata kwa miaka ishirini na miwili. Anatengeneza mfumo wa moshi wa magari ya dizeli, hasa chujio, lile kopo la chuma chini ya gari linalonasa masizi yasitoke nje. Chujio likiwa zima, kitambaa hutoka cheupe.

Gari la leo ni la Baba Mapacha, anayepeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ijumaa lina ukaguzi. Lisipopita, hospitali itampa kazi mtu mwingine.

Taa ya njano imewaka mwezi mzima, naye akaifunika kwa plasta ili isimsumbue. Mama Masizi anaibandua na kumkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Dereva anacheka, lakini ni cheko la mtu aliyekwisha kuulizia bei. Chujio jipya ni mapato yake ya miezi mitatu.

Fundi anaingia uvunguni. Huyu ni mtu anayeongea hata na boliti, lakini leo anapitisha tu kidole gumba kwenye chuma, tena na tena.

Chujio limetolewa matumbo. Mtu alilipasua, akakomba kila kilichokuwemo, akalichomelea likabaki kopo tupu, kisha akafunga kidude cha kuidanganya kompyuta ya gari kwamba mambo ni shwari. Ni ujanja wa zamani wa magereji, kazi ya saa moja kwa bei ya kutupa. Sasa kidude kimekufa, ndiyo maana taa imewaka.

Baba Mapacha alilinunua gari mkononi mwa mtu miaka minne iliyopita na hakuwa na habari. Anasema akimpata fundi huyo atamkalisha nyuma na wagonjwa wake, auvute moshi huo mpaka aombe maji.

Mshono wa kuchomelea umelala upande usio wa kawaida, kama wa mtu anayetumia mkono wa kushoto. Mwishoni una nukta mbili. Mama Masizi hutumia mkono wa kushoto, na nukta mbili ni alama aliyofundishwa na marehemu baba yake, fundi wa mageti, ili asije akaikana kazi yake.

"Baba Mapacha," anasema akiwa bado uvunguni, "fundi huyo ni mimi."

Dereva anakaa juu ya tairi. Anamuuliza kwa nini amesema, wakati angeweza kunyamaza na kulipwa.

"Ningefumba jicho moja, la pili lingeona."

Hajitetei sana. Wakati ule watoto wake wawili walikuwa shuleni, na wateja hawakutaka kusikia habari ya kusafisha chujio, walitaka likatwe. Aliacha siku alipokwama kwenye foleni nyuma ya gari alilolikata mwenyewe, na kioo cha dirisha lake kilikuwa kibovu, hakipandi, moshi wote ukamwingia.

Anatafuta chujio kuukuu kwenye vyuma chakavu, analiloweka kwenye pipa la dawa siku mbili, analipuliza kwa upepo. Dereva analipia chuma tu. Ufundi, anasema mama huyu, alishalipwa zamani.

Ijumaa saa tano gari linarudi na stika ya ukaguzi. Baba Mapacha hasalimii. Anatoa mfukoni kitambaa alichokichomeka mwenyewe kwenye bomba, anamkabidhi. Ni cheupe.

Mama Masizi anakikunja, anakiweka kifuani. Kwa hesabu yake, alikata magari kumi na tisa. Hili ni la tano kurudishiwa chujio.

"Andika hivi gazetini," ananiambia. "Mwenye gari lenye nukta mbili alilete. Ufundi ni bure, na kunitukana pia ruksa."