Jinsi Nilivyojifunza Kuuona Mchezo

Siku yangu ya kwanza katika ukumbi wa vichekesho mjini Minneapolis, Marekani, niliua igizo ndani ya dakika mbili. Nilikuwa nimetoka kazini ghalani, kitongoji cha Plymouth, viatu vya kazi bado miguuni. Mkurugenzi wa ukumbi alikuwa amenipa wiki sita za majaribio. Nikifaulu, ningeajiriwa katika kundi lake na kuacha kupanga maboksi. Nisipofaulu, ghala lilikuwa palepale.

Kazi yenyewe ilikuwa uigizaji wa papo kwa papo. Hakuna maneno ya kukariri. Watazamaji wanatoa wazo, wawili mnapanda jukwaani na kuanza. Mwenzangu Tom aliingia mbio akisema nyumba yangu inaungua. Mimi, nilivyolelewa Tanga, sikuweza kupokea habari ya moto kabla ya salamu. Nikamuuliza kaamkaje, mama yake hajambo, safari ilikuwaje. Watu wakacheka. Nikadhani wanaucheka ugeni wangu, nikaona haya, nikaacha salamu na kuanza kutafuta ndoo. Kicheko kikakatika.

Mkurugenzi, mama wa makamo asiyepaza sauti, aliniita pembeni.

"Rehema, kwa nini uliacha kumsalimia?"

"Walikuwa wananicheka."

"Walikuja kucheka. Ulikuwa na mchezo mkononi, ukautupa."

Mchezo, katika kazi yetu, ni lile jambo moja la ajabu linalojitokeza wakati mengine yote ni ya kawaida. Ukiliona unalishika, unalirudia, na kila mara unalipandisha kidogo. Nyumba inaungua, naulizia shangazi. Paa linaanguka, naulizia mbuzi wa shangazi. Kueleza ni rahisi.

Wiki ya pili nilileta salamu katika kila igizo. Nilimsalimia daktari, askari, hata ng'ombe. Wiki ya tatu Mkurugenzi akanikatiza. "Unabeba mchezo kutoka nyumbani kama chakula cha mchana. Mchezo uko hapa, kwa mwenzako. Msikilize."

Nilirudi nyumbani kwa basi nimenuna. Lakini sikutaka maisha ya maboksi, kwa hiyo nikaanza kujifunza kusikiliza kama fundi anavyojifunza kushona, kila siku kidogo. Saa za mapumziko ghalani nilitazama watu wawili wakiongea, nikitafuta lile jambo moja. Msimamizi wa zamu, kwa mfano, alimwomba radhi kila mtu isipokuwa yule aliyemkosea. Niliandika hayo kwenye vipande vya boksi.

Siku ya mwisho ya majaribio, Tom aliingia kama mwenye nyumba aliyekuja kukagua bomba langu linalovuja. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Kisha nikaona ananyata, kavua viatu, kavikumbatia kifuani. Nikayaacha maneno yangu.

"Mbona unanyata, mwenye nyumba?"

"Sitaki kusumbua."

"Niko peke yangu."

"Na bomba?"

Nikashusha sauti. "Bomba ndiyo kwanza limelala."

"Basi nitasubiri."

Tukakaa sakafuni kungoja bomba liamke. Nikasema maji yamefika kiunoni. Tom akaniomba nisipige mawimbi. Yalipofika shingoni bado tulikuwa tunanong'ona, videvu juu, na ukumbi mzima umeinama mbele ili usikie, ukicheka kwa kujizuia.

Mkurugenzi alinikuta nyuma ya pazia. "Kawaage wa ghalani," akasema. "Jumatatu uje hapa."

Nilifanya kazi pale mpaka nywele zikabadilika rangi. Mkurugenzi aliyempokea yule mama alinituma kufundisha: kwanza wafanyakazi wa ofisi huko Maple Grove, waliokuja na vichekesho vimeandikwa kwenye simu, halafu vijana wa Kikongo wa mtaa wa Cedar-Riverside, niliowasemesha Kiswahili wakanijibu Kiingereza. Binti mmoja tu alijibu kwa Kiswahili.

"Mama, na nisipouona huo mchezo?"

"Mtazame mwenzako mpaka uuone. Amesimama hapo, hana pa kwenda."

"Na kama naye hauoni?"

"Basi naye anakutazama wewe. Tayari mmeanza."

Magoti yalipokataa ngazi za jukwaa, nilistaafu. Siku hizi naketi upande wa watazamaji. Mara nyingi nauona mchezo kabla ya waigizaji, nao wanaupita, wanarudi, wanaukaribia. Natamani kuwaambia. Nakaa kimya, kwa sababu wakiambiwa, mchezo utakuwa wangu, na walio jukwaani ni wao.