Asumini ya Chumbani kwa Mama

Sukari ilipommaliza mama macho, aliniomba asumini. Hakutaka tena kwenda hospitali, hakutaka miwani wala maombi ya mbali. "Niisikie harufu yake mara moja tu, mwanangu," alisema, "halafu Mungu anichukue akitaka." Nikamkemea kwa kutaja kifo, lakini ombi nilishalibeba.

Ujana wake wote alikuwa mfungaji wa vikuba. Harusi ikitangazwa mtaani kwetu Msambweni, yeye ndiye aliyeitwa kukaa mkekani alasiri na sinia ya asumini, mkadi na rehani, akafunga vishada vya wanawake kuvaa kifuani. Asumini aliichuma ingali imefumba, ili ifumuke usiku juu ya mwenye kuivaa. Bibi harusi akipita, watu walijua kikuba kile kafunga nani.

Mti wake ulikuwa uani. Kaka yangu alipojenga vyumba vya kupangisha, palepale penye mti akachimba shimo la choo. Sijamsamehe, na sioni dalili ya kumsamehe. Uwanja uliobaki umemwagiwa saruji, na penye kaudongo mbuzi wa jirani hawaachi jani. Kwa hivyo asumini ya mama ilibidi ikae ndani, chumbani kwake, katika kopo la rangi nililolitoboa chini kwa msumari.

Kitawi nilikipata Diani, kwenye nyumba ya wageni ninakofua mashuka. Mtunza bustani, kijana wa bara, alinikatia huku akicheka. "Siz, hii kitu inataka jua. Ukiiweka kwa nyumba utapata majani tu." Nikamwambia akate, jua niachie mimi. Ulikuwa ujeuri mtupu, maana chumba cha mama kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa wapangaji.

Lakini ikashika. Kila asubuhi niliitoa mlangoni ipate jua huku nikimwogesha mama na kumnywesha chai, jicho moja kwa mbuzi, kisha nikairudisha dirishani kabla ya kwenda kazini. Nilihamahama nayo kama paka na watoto wake. Jioni nikirudi, kabla sijavua hata viatu, husikia sauti kitandani.

"Imetoa?"

"Bado, mama."

Ikapita masika yote hivyo. Majani yalijaa, ua hakuna, na mama akazidi kukonda. Nilikuwa nimeanza kuichukia asumini ile, nikiimwagia maji kwa hasira, ndipo nikaona matumba. Nikavipeleka vidole vya mama vikayapapase. Akayashika mojamoja, akatabasamu. Siku hiyo alikula.

Ijumaa iliyofuata wakaja wanawake wa mtaani kumsomea Yasini. Mama mdogo, ndugu yake mama, ndiye aliyefukiza. Kwa kumhurumia mgonjwa kifua, hakukiweka chetezo karibu na kitanda. Alikiweka dirishani, ubavuni mwa kopo, akafunga dirisha ili udi usitoke. Mimi nilikuwa jikoni na sinia za mahamri. Nilipoingia, chumba kilikuwa moshi mtupu, wanawake wanakohoa kwa adabu, na matumba yamesinyaa kwa joto la makaa.

Nilimfokea mama mdogo mbele za watu. Mwanamke wa makamo yake, tena kitabu kitukufu mkononi! Katikati ya fujo hiyo mama akauliza taratibu, "Mbona leo hamkufukiza?" Mama mdogo alinigeukia. Mimi nilikuwa nimefura kwa hasira, neno lile likanipita.

Tumba moja lilisalimika, upande wa nyuma uliokingwa na majani. Nililichunga mpaka likanona. Alasiri moja nikalichuma lingali limefumba, kama alivyonifundisha mwenyewe. Sikumwambia kitu, nilitaka harufu imwambie. Nikalichomeka kwenye upindo wa mtandio wake, chini kidogo ya pua, nikaketi miguuni pake kungoja.

Magharibi likafumuka. Harufu ikanifikia nilipoketi, ile ile ya mkekani, ya sinia na harusi za watu, nikahisi machozi yananijia. Mama alikuwa anapumua kwa utulivu, uso ameuelekeza dirishani. Nilingoja. Ndipo neno lake la Ijumaa liliponirudia: "Mbona leo hamkufukiza?"

"Imetoa?" akauliza.

Ua lilikuwa linatikisika kwa pumzi zake.

"Bado, mama."

"Usiitupe," akasema. "Mie nangojea hiyo tu."

Nikamwambia sitaitupa.