Usingizi wa Njia ya Likawage

Jumapili nilimkuta jirani yangu, dereva anayebeba abiria wa Likawage, amelala chali chini ya gari lake uani, hapa Kilwa Masoko. Alikuwa anabadilisha bomba la ekzosi, lile la kutolea moshi, maana kelele zilimchosha. Mama yake alikuwa kando akipepeta mchele.

Bomba la zamani lilipotoka, lilikuwa na tundu la kuingia ngumi. Jirani akapanda garini, akafunua zulia la kiti cha nyuma. Bati la sakafu lilikuwa limeliwa na kutu, jeusi kwa masizi.

"Kumbe moshi ulikuwa unaingia ndani?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Moshi wa gari si hulevya? Na watoto wanaokaa huko nyuma?"

"Huwa wanalala," akasema. "Wote wanalala mpaka tufike."

Akaufuta mkono kwenye suruali, akaendelea kuufuta hata ulipokwisha kutakata.

Juzi tu nilimsifu mbele za watu kwamba anaendesha taratibu mpaka abiria tunasinzia. Njia ile tunaijua: kwa mashimo yake, mtu hapati hata lepe la usingizi. Sisi tulilala, na tulipoamka tukamshukuru dereva.