Chelo ya Kuazima katika Jua la Kabati

Walisema sitaweza. Mwenye duka la nafaka aliniambia usoni, huku akipima maharagwe: "Mwalimu, diploma ya fidla ni kama diploma ya miluzi. Hapa watu wanataka mvua." Shemeji yangu naye alinikumbusha kwamba hata okestra ya Nairobi ilikuwa inakonda, maana Wazungu waliojaza viti vyake walikuwa wakirudi kwao mmoja mmoja tangu uhuru. "Na wewe unataka kuanzisha nyingine Kitui?"

Nilianzisha. Nilikuwa nimesoma Uingereza miaka mitatu, nikarudi na cheti ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho kutoka Kabati, mji wetu, hadi Kambu. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na wapigaji kumi na mmoja, walimu na wanakwaya, wote nimewafundisha mwenyewe. Vyombo tu ndivyo vilikuwa vya watu. Tarumbeta na fidla niliazima shule mbalimbali. Chelo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, nilipewa na mama mmoja Mzungu, mjane aliyebaki Nairobi.

"Ilikuwa ya mume wangu," alisema. "Nirudishie kama ilivyo."

Jumatano, siku tatu kabla ya onyesho letu la kwanza, nilifungua sanduku la chelo kanisani. Nilikuwa nimeiacha chini ya mabati wiki nzima, katika jua la Septemba. Ubavuni, ubao ulikuwa umeachana na ubao, na kidole changu kidogo kiliingia kati.

Niliketi sakafuni. Kama ningemrudishia imevunjika, hakuna mtu Nairobi angeikopesha Kitui hata upinde wa fidla, na okestra yangu ingekufa kabla ya kusikika. Sikufunga hata sanduku. Niliibeba hivyo hivyo hadi kwa mzee jirani, mchonga twiga wa kuuzia watalii, nikamwonyesha gundi niliyonunua njiani.

Aliitazama chelo, kisha akanitazama mimi.

"Huko ng'ambo hawakukufundisha kwamba mti una kiu?"

"Mzee, nitie gundi wapi?"

"Usitie. Ukitia leo, utaufunga mti ukiwa na kiu, na kesho utapasuka mahali pengine."

Aliiweka kwenye chumba anamohifadhi vinyago vibichi, akatundika magunia yaliyoloa pande zote bila kuigusa. Ndivyo wachongaji wetu wanavyozuia mti usipasuke ukikauka. Siku mbili nilichota maji na kuloweka magunia, nikipima ufa kwa ukucha kila saa. Wanafunzi walipouliza chelo iko wapi, niliwaambia naifanyia matengenezo ya kitaalamu.

Ijumaa ufa ulikuwa umejifunga wenyewe. Mzee alichemsha vipande vya ngozi ya ng'ombe hadi vikawa gundi, akapaka, akaikaza kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli.

Jumamosi mchana kanisa lilijaa. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, mchungaji alidhani tumemaliza, akasimama kuomba. Mimi sikuomba wala sikusikia muziki. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto, na kila mlio nilidhani ni chelo inapasuka. Tulipomaliza, watu walipiga makofi hadi nje. Nami nilikimbilia kwenye ule ubavu kuugusa. Ulikuwa umeshika.

Jumatatu nilirudisha vyombo vya shule, kisha nikapanda basi la Nairobi na chelo. Mama yule aliilaza mezani akaanza kuigonga kwa kifundo cha kidole, ukingo mzima, akisikiliza. Nilijua alichokuwa akitafuta. Jasho lilinishuka mgongoni. Alipofika penye ule ufa, alisita.

"Nani amefanya kazi hii?"

Ningeweza kusema ni mimi. Cheti ninacho.

"Niliiacha kwenye joto la jua ikapasuka," nikasema. "Aliyeitengeneza ni mzee anayechonga twiga."

Alipagonga tena mara mbili, akavuta upinde kwenye uzi mnene, akasikiliza hadi sauti ikaisha.

"Mtaihitaji tena lini?"

"Krismasi," nikajibu, ingawa sikuwa nimepanga lolote.